Ghala lisilokaa watu: mlinzi na mitungi, kengele, ukuta au vinyunyizio?

Ghala linalofunguliwa mara moja kwa wiki, au mara mbili kwa msimu, lina shida ambayo duka na ofisi havina: moto ukianza hakuna wa kunusa moshi wala wa kushika mtungi wa kuzimia moto. Wenye maghala wengi hununua vifaa vilevile vya ofisini, wanapita ukaguzi, na bado jengo linateketea lote kwa sababu vifaa vilikuwa vinamsubiri mtu ambaye hakuwepo.

Tunalinganisha njia nne, na kwa zote tutatumia ghala moja la mfano: mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Kuta ni za tofali, paa ni la mabati juu ya kenchi, kimo ni mita 6, mlango mkubwa uko mbele na mdogo nyuma. Ndani kuna magunia ya nafaka na ufuta, katoni za bidhaa za dukani, na umeme wa taa tu.

Vigezo

Kila njia tunaiuliza maswali matano. Nani atagundua moto, na kwa haraka gani? Nani au nini kitauzima? Inategemea nini: maji, umeme, mtandao wa simu au mtu? Ikikaa miezi bila kuguswa, inaharibika wapi? Na inamfaa nani?

Bei hatutaji kwa shilingi, maana hupanda na kushuka. Tutasema tu ipi inameza fedha mwanzoni na ipi inameza kila mwaka.

Sheria na bima

Tanzania Bara, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo na kutoa cheti chini ya sheria ya mwaka 2007. Zanzibar wana kikosi chao. Kenya, Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinadai mahali pa kazi pafanyiwe ukaguzi wa usalama wa moto kila baada ya miezi 12. Ghala kuwa tupu siku nyingi hakukuondolei wajibu huo, kwa sababu siku ya kupakia wamo vibarua ndani. Milango ifunguke kwa nje, njia ya kwenda mlango wa nyuma isijazwe magunia, na kufuli ya mlango huo ifunguliwe kabla mtu wa kwanza hajaingia.

Lakini sheria inawalinda watu kwanza. Mali ni mzigo wako. Chukua mkataba wako wa bima usome kipengele cha jengo lisilokaliwa. Mikataba mingi ya moto husema jengo likikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo, kinga inasimama mpaka kampuni iridhie kwa maandishi. Waandikie kabla ya kufunga msimu, ueleze ghala litafungwa lini na litakaguliwa na nani, na barua yao ya kukubali uihifadhi nje ya ghala.

Ya lazima, uchague njia yoyote

Umeme ukatwe kwenye swichi kuu kila mnapofunga. Swichi hiyo iwe nje au kando ya mlango, na iwe na kikata umeme cha mvujo cha miliampea 300, ambacho hukatika umeme unapoanza kuvuja kwenye waya ulioliwa na panya kabla haujawa moto. Taa ziwe nusu mita kutoka kwenye mzigo. Marufuku kuchaji simu, kupika au kuchomelea ndani. Fundi wa kuchomelea akilazimika kufanya kazi kwenye mlango au paa, mtu abaki na maji kwa saa nzima baada ya cheche ya mwisho.

Magunia yakae juu ya chanja, nusu mita kutoka ukutani, na ziachwe njia za kupita kati ya mafungu. Nje, fyeka nyasi mita 6 hadi 10 kuzunguka jengo lote, kwa sababu moto wa ghala la shambani unaweza kuanzia kwa jirani anayechoma takataka. Mashudu ya mbegu za mafuta na mkaa mbichi kutoka tanuru visirundikwe vikiwa na unyevu au joto. Huweza kujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka, tena siku kadhaa baada ya mlango kufungwa.

Ufukizaji unahitaji maneno zaidi. Vidonge vya aluminiamu fosfaidi wanavyotumia wenye nafaka hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ikizidi takribani asilimia 1.8 ya hewa inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Hilo hutokea vidonge vikilundikwa pamoja, vikidondokewa na maji ya paa linalovuja, au vikiwekwa ndani ya gunia bichi. Vitandazwe kimoja kimoja kwenye sinia kavu, visigusane, na paa likaguliwe kwanza. Vikishika moto usimwagie maji, maana maji huzalisha gesi zaidi. Tumia poda kavu au mchanga mkavu. Bandika mlangoni tarehe ya kufukiza, ili hata zimamoto wakija wajue wanafungua nini.

Njia ya kwanza: mlinzi, mitungi na mpira wa maji

*Kugundua.* Kila kitu ni mlinzi. Akikaa getini mita 80 kutoka ghalani, moshi atauona unapotokeza juu ya mabati, na wakati huo moto wa ndani umeshaushinda mtungi. Lindo liwe na ratiba: kila saa anazunguka jengo, ananusa kwenye matundu ya hewa, anagusa milango kwa mgongo wa kiganja, anaandika saa kwenye daftari. Mlango ukiwa na joto asiufungue, kwa sababu hewa itakayoingia itaupa moto nguvu. Hapo kazi yake ni kupiga simu, 114 kwa Tanzania au 999 kwa Kenya, na kufungua geti.

*Kuzima.* Mtungi wa poda ya ABC (ya moto wa vitu vigumu, vimiminika na gesi) wa kilo 6 humalizika kwa sekunde 12 hadi 20. Viwango vya Uingereza hupiga hesabu ya mitungi kwa kuzidisha eneo mara 0.065. Ghala letu linapata 39. Mtungi wa kilo 6 wenye alama 27A (kipimo cha uwezo wake kwa moto wa vitu vigumu) huhesabiwa 27, kwa hiyo miwili inatosha. Viwango hivyohivyo vinataka mtu asitembee zaidi ya mita 30 kuufikia (Wamarekani wanasema kama mita 23), na kutoka kona hadi kona ya ghala letu ni mita 36. Usiirundike yote mlango wa mbele: mmoja mbele, mmoja nyuma, mpini ukiwa kama mita moja kutoka sakafuni.

Poda inaua miali lakini haipozi. Gunia la pamba au nafaka linabaki na kaa ndani, na baada ya robo saa linawaka upya wakati mtungi umekwisha. Ndiyo maana tunasisitiza uongeze mtungi wa maji wa lita 9 kila mlango, na wa kaboni dayoksaidi karibu na swichi kuu. Bora zaidi ni mpira wa maji wa mita 30 ulioviringishwa kwenye gurudumu lake ukutani. Ukitoa lita 30 kwa dakika, tangi la lita 1,000 linakupa nusu saa ya kupigana.

*Inategemea nini.* Mtu mzima, macho, aliyefundishwa. Mpira unategemea pia presha: tangi juu ya mnara wa mita 6 linatoa baa 0.6 tu, na maji yatachuruzika badala ya kuruka. Weka pampu ndogo inayojiwasha presha ikishuka, na waya wake uchukuliwe kabla ya swichi kuu ya ghala. Wengi hukosea hapa: wanakata umeme wa ghala kama walivyoelekezwa, na pampu ya moto inakatika nao.

*Inaharibika wapi.* Poda hushikana chini ya mtungi kwa unyevu, huku mshale wa geji ukiendelea kukaa kwenye kijani. Geji inapima presha tu, hali ya poda haiijui. Fundi aukague kila mwaka, poda ibadilishwe kila baada ya miaka 5. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hauna geji; hupimwa kwa mizani, na ukipungua asilimia 10 ya gesi yake ujazwe. Kila mwezi kagua pini, lakiri na bomba, maana buibui na nyigu hupenda kujenga mdomoni mwa bomba.

*Inamfaa nani.* Aliye na mlinzi wa kweli usiku na mchana, ghala dogo, mzigo usiowaka kwa kasi. Gharama ya kuanzia ni ndogo kuliko zote, lakini mshahara wa mlinzi hauishi.

Njia ya pili: kengele ya moto inayopiga simu

*Kugundua.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Kigunduzi cha moshi cha kawaida huhudumia duara la nusu kipenyo cha mita 7.5 na kinafaa kwa dari isiyozidi kimo cha mita 10.5. Ukivipanga kwa mraba wa mita 10 kwa 10, ghala letu linahitaji sita. Paa likiwa la mgongo, mstari mmoja ufuate mgongo wenyewe, vigunduzi visishuke zaidi ya sentimita 60 kutoka kileleni.

Kuna tatizo la mabati ambalo mafundi wengi wa mjini hawalikumbuki. Saa saba mchana hewa iliyo chini ya bati ni moto kuliko moshi wa moto mchanga, na moshi unasimama mita moja au mbili chini ya paa bila kufika kwenye kigunduzi. Dawa ni vigunduzi vya mwale: kifaa kimoja ukuta huu, kingine ukuta wa pili, na mwale wa mwanga unapita katikati. Mwale mmoja hulinda mita 7.5 kila upande, kwa hiyo upana wetu wa mita 20 unadai miwili, na wa ziada unaweza kushushwa chini zaidi kwa ajili ya joto la mchana. Vifungwe kwenye ukuta wa tofali au nguzo imara, kamwe si kwenye bati, kwani bati hupanuka kwa jua na mwale hukosa shabaha.

*Kuzima.* Haizimi chochote. King'ora katikati ya shamba tupu hakimsaidii mtu, hivyo paneli, yaani sanduku linaloongoza kengele, lazima ipige simu. Iwe na laini mbili za mitandao tofauti, na orodha ya watu watatu, wa kwanza akiwa yule anayekaa karibu zaidi na ana ufunguo. Mwenye mali aliye mbali awe wa tatu.

*Inategemea nini.* Umeme na mtandao. Kwa majengo yasiyokaa watu, viwango vya Uingereza vinataka betri ichukue muda wote jengo linapokuwa tupu na saa 24 juu yake, au saa 72 kwa jumla, kipi ni kifupi. Kwenye maeneo ya mgao wa umeme tungechukua saa 72 bila kujadiliana. Paneli nayo ipate waya wake kabla ya swichi kuu, kama pampu.

*Inaharibika wapi.* Salio la laini linaisha au laini inafungiwa kwa kutotumika, na hakuna anayejua hadi siku ya moto. Weka paneli itume ujumbe mfupi kila siku saa ileile. Ujumbe usipokuja, kuna kasoro. Vumbi la nafaka huleta kengele za uongo, na baada ya tatu za uongo hakuna anayeamka kwa ya nne. Vigunduzi vipulizwe na kusafishwa kabla ya msimu na baada yake. Na kwa wanaofukiza: fosfini hula shaba, nayo shaba imejaa ndani ya vigunduzi na paneli. Paneli ifungwe nje ya ghala, vigunduzi vishushwe kabla ya kufukiza, na siku hizo mlinzi awepo nje bila kunusa kwenye matundu, kwa sababu ghala halina kengele na fosfini ni sumu.

*Inamfaa nani.* Mwenye watu dakika chache kutoka ghalani na kituo cha zimamoto kisicho mbali. Kama gari la zimamoto linatumia saa nzima kufika, kengele itakupa habari mapema ya kitu usichoweza kukizuia. Gharama ni ya wastani mwanzoni na ndogo kila mwaka.

Njia ya tatu: ukuta wa kugawa ghala

*Kugundua* haigundui, na *kuzima* haizimi. Inachofanya ni kukubali kwamba upande mmoja utaungua, kisha kuuokoa wa pili. Tunaitaja kwa sababu wengi huisahau, na kwa ghala la mbali ndiyo pekee isiyohitaji mtu, maji, umeme wala salio.

*Inategemea nini.* Ujenzi wa makini. Ukuta wa tofali la inchi 9 ujengwe hadi uyapite mabati kwa sentimita 37 hivi. Papi na kenchi za mbao zikatwe ukutani, zisipite, maana moto husafiri ndani ya paa huku ukuta umesimama bila kazi. Kenchi za chuma za pande mbili zisifungwe pamoja: chuma kikifika nyuzi 550 hivi hubaki na kama nusu ya nguvu zake, na paa likianguka litauvuta ukuta. Kama lazima pawe na mlango kati, uwe wa chuma unaojifunga wenyewe kiungo chake kinachoyeyuka kwa nyuzi 70 hivi kikikatika. Rahisi zaidi: usiweke mlango, kila upande uwe na mlango wake wa nje.

*Inaharibika wapi.* Fundi bomba au fundi umeme anapotoboa tundu la waya na kuliacha wazi. Zibeni kwa saruji siku hiyohiyo. Mlango unaojifunga nao hukutwa umezuiwa kwa tofali ili vibarua wapite.

*Inamfaa nani.* Anayejenga sasa, au mwenye mzigo wa aina mbili unaoweza kutenganishwa. Fedha hutoka mara moja, kisha basi.

Njia ya nne: vinyunyizio vya maji

*Kugundua na kuzima* hufanyika pamoja. Kila kichwa kina kichupa cha kioo chenye kimiminika. Joto likifika kiwango, kioo kinapasuka na maji yanashuka pale pale. Hufunguka vichwa vilivyopata joto tu, na kengele ya maji inalia nje. Kichupa chekundu hupasuka kwa nyuzi 68, cha kijani kwa nyuzi 93. Kanuni ni nyuzi 30 hivi juu ya joto kali zaidi la kawaida la jengo, kwa hiyo chini ya bati tupu chagua kijani. Ukifunga vyekundu kwa kuwa ndivyo vilivyopo dukani, unaweza kupata mafuriko siku ya jua kali.

*Inategemea nini.* Maji mengi. Kwa kiwango cha Ulaya cha hatari ya kawaida ya kundi la 3 (daraja linalopangwa kwa jinsi jengo na mzigo vinavyoweza kuwaka), kila kichwa kinahudumia mita za mraba 12, kwa hiyo tunahitaji vichwa 50. Mfumo unatakiwa utoe milimita 5 kwa dakika juu ya mita za mraba 216 kwa saa nzima: lita 1,080 kwa dakika, lita 64,800 kwa jumla. Hayo ni matangi saba ya lita 10,000, na pampu mbili, mojawapo ya dizeli. Hesabu hiyo inashika kwa mzigo usiowaka kwa kasi uliopangwa hadi mita 4. Magodoro ya sponji yanashusha kikomo hadi mita 1.2. Ukipita hapo unaingia hatari kubwa, ambapo maji huanzia lita 175,000. Mtu akikuuzia mfumo bila kuuliza unaweka nini na kwa kimo gani, mwache.

*Inaharibika wapi.* Vali kuu. Inafungwa kwa matengenezo, fundi anaondoka, hakuna anayeifungua tena. Ifungwe kwa mnyororo na kufuli ikiwa wazi, ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Pampu ya dizeli iwashwe kila wiki dakika 20 hadi 30, la sivyo betri yake itakufa. Magunia yakirundikwa hadi kugusa vichwa, maji hayatawanyiki. Acha nusu mita, na mita nzima kwa mzigo wa hatari kubwa. Bomba likivuja taratibu juu ya nafaka, utakuta ukungu na joto kabla ya kukuta moto. Sehemu zake za shaba nazo zikaguliwe baada ya kila ufukizaji.

*Inamfaa nani.* Mwenye mzigo wa thamani inayozidi jengo mara nyingi, maji ya uhakika, na mtu wa matunzo wa kila wiki. Ndiyo ghali kuliko zote, mwanzoni na kila mwaka.

Kwa hali yako

Ghala la ushirika kijijini, lenye nafaka ya msimu, zimamoto wakiwa mbali: anza na usafi wa eneo na swichi kuu, jenga ukuta wa kati, kisha mitungi ya poda na ya maji kwa mlinzi. Vinyunyizio visivyo na wa kuvitunza ni mabomba tu.

Stoo ya mfanyabiashara mjini, jirani wakiwa ukuta kwa ukuta, kituo cha zimamoto kikiwa karibu: kengele ya moshi yenye simu ndiyo ya kwanza kununua, na mitungi pembeni yake. Hakikisha gari linapita. Uchochoro uliozibwa na meza za biashara unaweza kukupotezea nusu saa uliyoinunua kwa kengele.

Ghala la magodoro, matairi, plastiki au pamba iliyochambuliwa: moto wake unakua kasi kuliko mtu anavyoweza kufika. Chagua kati ya vinyunyizio vilivyopigiwa hesabu ya mzigo huo na kupunguza mzigo kwa kuugawa katika majengo mawili yaliyoachana. Kengele peke yake haitoshi hapa.

Anayefukiza mara kwa mara: ukuta hauharibiwi na fosfini na mlinzi hukaa nje, lakini vifaa vya umeme haviihimili. Ukitaka kengele, chagua ile ambayo vigunduzi vyake vinachomoka kwa kuzungushwa, na weka jukumu la kuvirudisha kwa mtu mmoja mwenye jina kwenye daftari.

Mpangaji asiyeruhusiwa kujenga: kengele isiyo na waya na mitungi, ambavyo utaondoka navyo. Kabla ya kusaini, mwombe mwenye jengo cheti cha mwisho cha zimamoto, na muandikiane nani analipa fundi wa mitungi kila mwaka.